Baba Masanja, Nimeitoa Siri ya Kondoo

Baba Masanja,

Mwangaluka. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima ametufundisha kwamba barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeandika hivyo, nikafuta. Kwako hofu ya nini tena? Umelala pale nyuma ya zizi, nyasi nimezing'oa wiki iliyopita, hakuna wa kukupanga mstari wala wa kukuuliza umekula nini. Hofu yote imebaki huku kwangu, na huo uzima wenyewe siuoni vizuri.

Masanja ameondoka leo asubuhi na lori la pamba kurudi kambini. Amekwenda kusema jambo ambalo wakubwa wake hawalijui. Akishalisema sijui watamfanya nini. Watamwacha amalize mafunzo, au watamfukuza, au watamtia mikononi mwa polisi, sijui. Na mimi ndiye niliyemwambia aende. Tangu lori lipotee kwenye kona sijashika jembe. Maharage nimeyaunguza, nikatia maji, nikayaunguza tena. Basi nimechukua daftari la kisomo nikakaa hapa mlangoni, kalamu nimeikamata kama mpini wa jembe, nakuandikia. Wewe nawe umo ndani ya jambo hili. Mimi ndiye niliyekutia humo, kwa kinywa changu.

Nitakueleza tangu mwanzo. Nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho.

Ulipokufa Masanja alikuwa darasa la sita. Alisoma, Baba Masanja. Alisoma mpaka kidato cha sita, akawa wa kwanza hapa Kharumwa kwetu katika rika lake, na mimi nikawa natembea sokoni shingo juu kama twiga. Siku hizi lakini ukimaliza shule hiyo huendi kazini moja kwa moja. Serikali inakuchukua kwanza kambini, unavaa kijani, unalima, unajenga, unafundishwa bunduki. Wewe uliyesema mtoto wako hatavaa buti za jeshi lolote. Nilitaka kumficha, nikajua nitachekwa. Nikamfungia karanga na michembe, akaenda. Kambi yenyewe iko porini upande wa Kahama.

Kule wamechanganywa vijana wa kila namna. Na Wahindi wamo, maana sheria ni moja, aliyesoma anakwenda. Walikuwa saba, watoto wa wenye maduka wa Shinyanga mjini na Mwanza. Mmoja anaitwa Kishor. Baba yake anauza nguo Shinyanga. Mtoto mwembamba, miwani usoni, hajapata kushika jembe tangu azaliwe. Wenzake wakimwona shambani wanamwambia, "Bwana Mizani, hilo jembe halipimwi, linainuliwa." Na hao Wahindi nao hawakuwa mabubu. Walikaa peke yao, wanaongea Kihindi chao, wanacheka, na ukiwa mtu mweusi unapita hapo unajua kwamba umechekwa wewe. Ndoo ya maji walikuwa na yao.

Siku moja Masanja na huyo Kishor waligombana juu ya ndoo. Kishor akamwambia, "Ukimaliza hapa utakuja dukani kwa baba, nitakupa maji kwenye kopo lako."

Hapo nikae kidogo, maana neno hilo wewe unalijua. Unakumbuka tulipokuwa tunapeleka pamba, yale maduka ya mjini, ndani wana mtungi na bilauri zao, nje kopo la bati limening'inizwa kwenye msumari, ndilo letu. Masanja alikuwa wa miaka sita nilipomnywesha kwenye kopo hilo. Akaniuliza kwa nini maji yana harufu ya kutu. Nikamwambia kunywa, mwanangu, jua kali. Alikunywa, lakini kumbe swali lake alilihifadhi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mwanao aligombana bure.

Ila alichofanya baadaye, Baba Masanja, ni hiki.

Kishor hali nyama ya ng'ombe. Kwao ng'ombe ni kitu cha dini, kama sisi tusivyoweza kumla mama aliyetunyonyesha. Siku ya nyama kambini yeye alikuwa akichukua ugali na maharage tu. Sasa wewe fikiria vijana wa Kisukuma, watu ambao ng'ombe ndiye mahari, ndiye benki, ndiye heshima, wanamwona mtu anasukuma bakuli la nyama pembeni na kuvuta pumzi kwa mdomo. Hawakuona dini pale, waliona kinyaa. Walisema, huyu anatuonea kinyaa sisi, si nyama. Masanja alikuwa kwenye zamu ya jikoni. Akachota mchuzi wa nyama kwenye sufuria kubwa, akaumimina kwenye maharage ya Kishor. Kishor akala. Akasema hata maharage ya leo ni matamu.

Wakati wa kuosha vyombo kijana mmoja Mgogo akashindwa kujizuia. Akamwambia, "Shemeji, ng'ombe wa mahari umeshakula, sasa dada unatupa lini?" Jiko zima likaanguka kwa kicheko.

Masanja anasema Kishor hakuelewa mara moja. Alipoelewa alitoka nje akatia vidole kooni. Aliporudi alikuwa na kipande cha kuni, akampiga nacho Masanja juu ya jicho. Hapo hapakuwa tena jikoni. Weusi waliwaangukia Wahindi, Wahindi nao wakashika walichokikuta. Kijana mmoja wa Kihindi alivunjika mkono. Mwanao alishonwa nyuzi tano.

Barua ya kuniita kambini ililetwa na mwenyekiti wa kijiji. Alitaka anisomee, nikamnyang'anya kwa adabu. Ndiyo barua ya serikali ya kwanza niliyoisoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno, na ningeomba Mungu isiwe hiyo. Iliandika uhasama wa rangi. Neno uhasama nikamwuliza mwalimu, akaniambia ni uadui. Siku tatu sikupata choo.

Nilikwenda. Lori mpaka Kahama, nikalala kwa binamu yako, kesho yake nikatembea. Mkuu wa kambi alinipokea mwenyewe langoni. Mtu mfupi, tumbo mbele, Mzaramo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, na aliposikia ulimi wangu tu akajua mimi ni wa wapi, akaanza. "Nyie Wasukuma mnaitwa kwenye kesi mnakuja na kikapu? Ng'ombe wa kunihonga wako wapi?"

Unajua Wazaramo ni watani zetu. Kesi ilikuwa mbele yangu, lakini mtani hujibiwa hata kama uko msibani. Nikamwambia, "Tungewaleta, baba, tukaogopa watakufa na kiu. Mzaramo hakami mpaka maziwa yamwangukie yenyewe kama dafu." Askari wa langoni walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki. Nikasema huyu ni mtu.

Baba yake Kishor alikuwa amekaa kwenye benchi hapo, mzee wa shati jeupe, mwavuli magotini. Yeye hakucheka. Niliona macho yake yanakwenda kwa mkuu, yanakuja kwangu, kama mtu anayetazama mbwa wawili asijue kama wanacheza au wanaumana. Sikulitilia maanani wakati ule.

Tukaingia kwenye ukumbi wao wa bati. Vijana wamekaa chini, Waafrika huku, Wahindi kule, katikati nafasi ya kupita gari. Masanja mbele na bandeji, Kishor mbele na miwani imefungwa uzi. Mkuu akatueleza sisi wazazi aliyoyafanya. Kwanza aliwaadhibu wote, kuruka kichura mpaka wengine wakaanguka. Haikusaidia. Akavunja mahema, akachanganya, kila hema Mhindi na Waafrika. Akawapanga wawiliwawili, Mhindi na Mwafrika, gogo moja begani, likianguka mnaadhibiwa wote wawili. Akasema, "Magogo hayakuanguka hata moja, mama. Lakini waliyabeba wiki nzima bila kusemezana. Sijapata kuona watu wakibeba kitu pamoja namna ile."

Mzee wa Kishor akasema yeye anataka mtoto wake tu. Ana karatasi tayari, wanakwenda kwa ndugu zao Ulaya. Mkuu akakataa. Akasema akimwachia huyu, kesho na wale sita watafuatwa na baba zao, na hawa waliobaki watasema jeshi ni la weusi peke yao, na kazi aliyotumwa itakuwa imemshinda. Kisha akasimama akawaambia vijana, "Jeshi hili halina Mhindi wala Msukuma. Jeshi lina namba. Kila mtu hapa ni namba."

Baba Masanja, maneno hayo nilikwisha kuyasikia.

Ngoja nimalize. Mkuu alimwuliza Masanja kwa nini alifanya vile. Mwanao akasema, "Afande, ulikuwa utani. Kambini hapa sote tunataniana." Nyuma vijana wakaguna, ndiyo, ulikuwa utani, Mgogo yule akasema hata yeye Wasukuma humwita mla panya kila siku na hajampiga mtu kuni. Mkuu akatikisa kichwa polepole. Nikaona uso wake unalegea. Nikaelewa njia imepatikana. Ikiitwa utani, basi mwanangu alikosea mpaka tu, atapewa siku chache za adhabu, watashikana mikono, na mimi nitarudi nyumbani na mtoto ambaye hana doa. Nilichotakiwa ni kunyamaza. Na kunyamaza ninakujua, nimekaa na siri yako miaka yote hii.

Kishor akaulizwa yeye anasemaje. Akasema, "Nilikula. Sasa iko ndani yangu."

Ndipo nikakuona wewe. Sikuota, wala sisemi mizimu. Nilikuona kama ulivyokuwa ile wiki ya mwisho, miguu imevimba, ukanituma nifunge mlango mchana kweupe, ukaniambia. Jinsi ulivyokwenda jeshi la Mwingereza kijana mbichi, mkapewa nyama ya kondoo ya makopo. Ukoo wenu hauli kondoo tangu na tangu. Ulimpa mwenzako sehemu yako, sajenti wa Kizungu akaona. Akakusimamisha juani na kopo mbele yako, akasema jeshi halina ukoo, jeshi lina namba, hutaondoka hapo mpaka ule. Na wenzako weusi wakipita wakicheka. Mpaka jioni ulikula. Ulirudi na buti na nishani, watu wakakupigia ngoma, na ukoo wako haukujua mpaka tukakuzika. Uliniambia, "Usiwaambie watoto." Nikaapa.

Nilisimama. Nikasema, "Afande, mimi na wewe tumetaniana pale langoni. Ulinipiga, nikakupiga, tukacheka. Mwanangu alipompiga huyu, huyu angempiga kwa utani gani? Wazee gani walikaa wakakubaliana kwamba sisi na Wahindi ni watani? Mzee huyu hapa hata hakujua kama mimi na wewe tunataniana au tunagombana."

Mkuu akasema niendelee.

Nikasema, "Baba yake Masanja alilishwa kondoo jeshini. Aliambiwa kwamba yeye ni namba. Alikufa nacho hicho."

Ndivyo nilivyosema, Baba Masanja. Kwa Kiswahili, mbele ya vijana zaidi ya mia, mbele ya Wahindi, mbele ya mwanao. Nilieleza kopo na jua na kicheko, yote. Masanja alinitazama. Unakumbuka alipokuwa mdogo ulimchapa fimbo kwa sababu alilamba mchuzi wa kondoo arusini kwa jirani, ukamchapa mpaka nikamkinga kwa mwili wangu. Naye alikumbuka, niliona anakumbuka. Aliniambia neno moja tu, "Mama, kaa."

Nikakaa.

Mkuu alivua kofia akaishika magotini. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye alianza kwenye jeshi hilohilo, mwishomwisho, na sentensi ile ya namba aliisikia huko akadhani ni sentensi nzuri. Hakusema tena kitu kuhusu namba.

Uamuzi wake ulikuwa huu. Jambo lile halitaitwa utani. Masanja siku kumi na nne kizuizini. Kishor siku saba kwa ile kuni, waliovunja mkono wa mwenzao na wao zao. Kutakuwa na sufuria ya pili jikoni, haiguswi na nyama, ya wale wasiokula, na kama yuko Mwafrika mwenye mwiko wake naye aseme bila kuchekwa. Vijana kumi na mmoja walinyoosha mikono, Baba Masanja. Weusi. Mmoja hali samaki fulani, mwingine hali swala wa namna fulani. Walikuwa wanakula au wanashinda njaa, wamenyamaza. Na mpishi wa sufuria hiyo mpaka mwisho wa mafunzo atakuwa Masanja, na Kishor atakuwa naye, kila chakula. Yule mzee akauliza, kama mwanangu akilishwa tena? Mkuu akasema, "Ikitokea tena, au nikigundua nimedanganywa leo, huyu kijana atatoka hapa kwenda mahakamani, na wako nitakuletea mimi mwenyewe mpaka mlangoni."

Shika maneno hayo.

Nje yule mzee alinifuata. Akasema pole kwa mzee yako. Mimi nami nikafungua kikapu nikampa michembe. Akaigeuza-geuza, akaniuliza, "Hii nyama iko?" Nikamwambia ni viazi, baba, vimekatwa vikaanikwa. Akatia kimoja mdomoni, akatafuna muda mrefu kama mtu anayekula kamba ya kitanda, kwa heshima tu. Akaondoka na mwavuli wake. Mtoto hakumchukua.

Nilirudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Yalinitangulia. Binamu yako wa Kahama alikwisha kupata habari, akampelekea mdogo wako Luhende. Luhende akaja, akakataa kigoda, akaniuliza amesimama, "Shemeji, ni kweli kaka alikula?" Nikamwambia ni kweli, walimlazimisha. Tangu siku hiyo akipita hapa hanywi hata maji. Najua anahesabu, watoto wetu wawili tuliowazika, ng'ombe waliokufa mwaka ule wa ukame, anaunganisha. Na Masanja miezi miwili hakuniandikia. Barua zangu nne, kwa mkono wangu mwenyewe, hakujibu. Nilikuwa nakuja kaburini nasema, Baba Masanja, nimekupoteza wewe mara ya pili na mtoto pamoja.

Wiki iliyopita akaja likizo, siku nne. Shikamoo mama, marahaba, basi. Siku ya kwanza akaezeka ghala. Siku ya pili akachimba choo kipya, hakuna aliyemwomba. Nikawa namwangalia mgongo. Siku ya tatu tulikaa tunachambua pamba, safi huku, yenye madoa huku, na hapo akaanza kuongea, hanitazami. Akaniambia habari za jikoni. Kishor amejifunza kusonga ugali, wa kwanza ulikuwa uji, wa pili ukawa jiwe. Sasa anaweza. Yeye ndiye anayeonja chumvi. Siku moja alionja akamwambia, "Msukuma, chumvi hii umewalambisha ng'ombe kwanza?" Masanja akasema alimjibu, "Wamelamba, Bwana Mizani, lakini nimepima." Wakacheka wote wawili. Mimi nikafurahi, nikamwambia haya, si mmeanza utani wenyewe? Hakucheka.

Akaniuliza, "Mama, baba alikula mara ngapi?"

Nikamwambia sijui. Sikukuuliza, Baba Masanja. Ulisema ulikula, na mimi nikadhani ni siku hiyo moja ya juani. Lakini nyama za makopo zilikuwa za kila wiki, sivyo? Na vita ilikuwa miaka. Sikukuuliza, na sasa hakuna wa kumwuliza.

Masanja akasema, "Mimi nilimlisha mara nne. Kambini nilisema moja."

Alisema alianza siku ileile Kishor alipomtajia kopo. Mara ya kwanza kijiko, aone kama atajua. Mara ya pili zaidi. Mara tatu za kwanza hakuna mwingine aliyejua, Mgogo alijua ya mwisho tu. Alisema akiwa naye jikoni, Kishor anachota kwenye sufuria bila kuangalia, anakula huku anaongea. "Ananiamini, mama. Anakula kabla sijala."

Nitakuambia ukweli wewe kwa sababu hutamwambia mtu. Nilitaka kumwambia anyamaze. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: imepita, mwanangu, imeshaadhibiwa, umebakiza miezi mitatu. Sisi tuliobaki hapa tuna wewe tu. Mkuu alisema akigundua amedanganywa ni mahakamani. Nani atagundua? Wewe, Baba Masanja, uliweza kunyamaza, ukalima, ukazaa, ukazikwa kwa heshima.

Lakini nilimtazama mikono. Alikuwa anachambua pamba safi, anaitupa kwenye ya madoa, hajui. Nikakuona wewe unavyokataa kukaa na watu wanapochinja, unavyosema una kazi shambani. Miaka yote nilidhani ni kazi.

Nikamwambia, "Mwambie. Mwambie Kishor kwanza, kisha mkuu."

"Watanifukuza."

"Huenda."

"Na yeye ataondoka. Atasema baba yake alikuwa na haki."

"Huenda, mwanangu. Lakini aondoke akijua alichokula."

Leo asubuhi amevaa kijani chake, ameninyooshea mkono, kisha akanikumbatia, jambo ambalo hajafanya tangu msiba wako. Akasema, "Usininyamazie tena kitu, mama." Akapanda lori.

Sasa unajua yote. Kama umekasirika kwa sababu niliitoa siri yako, una haki, niliapa nikavunja. Lakini sikuitoa kwa umbea. Niliitoa kwa sababu niliona inataka kuzaa nyingine mbele ya macho yangu, na kumbe ilikuwa imekwisha kuzaa.

Nakuahidi jambo moja. Tukivuna nitakwenda kwa Luhende mwenyewe, nisimame nje kama hataki niingie, nimwambie aite wazee wa ukoo wakuoshe huo mwiko kama desturi yenu inavyotaka, ulale umetakata. Wakisema ni kosa lako nitawaambia juu ya jua lile na kopo lile, tena na tena, mpaka wachoke. Wakitaka mbuzi nitatoa. Wakitaka nipige magoti nitapiga, magoti yangu yamezoea shamba.

Jua limekwisha kupinduka. Atakuwa amefika Kahama. Kesho atakuwa langoni. Lori la kutoka kule hupita hapa Ijumaa, na mimi tangu aende kambini kila Ijumaa husimama barabarani nikiomba nimwone anashuka. Ijumaa hii nitasimama vilevile, lakini naomba asiwemo. Akishuka, nitajua wamemfukuza. Asiposhuka sitajua kama yuko jikoni na mwenzake au wamemfungia. Hata hivyo, Baba Masanja, saidia huko uliko, lori lipite tupu.

Lala salama. Nitakuja kukuambia kwa mdomo.

Mkeo,
Kabula